Aliyeshika Tochi

Ilizima palepale. Si mbele ya hapo, si nyuma ya hapo. Ukiingia ukumbini, ukapita kaunta, ukainua macho kutazama dari ya vioo na zile taa zote zinazoning'inia, kompyuta inaguna, feni zinapiga kelele kama mtu aliyepaliwa, kisha kimya. Kioo cheusi. Na Mama Picha anajiona mle mle kwenye weusi, mdomo wazi, mkono umekishika kipanya kisichoongoza tena kitu chochote.

"Haya, bwana," aliiambia mashine. "Zima. Zima tukae tutazamane."

Hilo jina la Mama Picha alipewa na majirani, na kabla hujauliza, hakuwa na mtoto aitwaye Picha. Kazi yake ilikuwa kuchora kwenye kompyuta majengo ambayo bado hayajajengwa. Mtu ana kiwanja kina magugu na mbuzi wa watu, analeta ramani, na baada ya muda Mama Picha anamtembeza ndani ya nyumba yake: hili jua la asubuhi, hivi ndivyo litakavyoingia sebuleni, hapa ndipo mkeo atakapolalamika kwamba jiko ni dogo. Kazi hiyo inataka kompyuta yenye kadi ya picha yenye misuli, na yake ilikuwa nayo. Aliinunua kwa jasho akiwa bado ameajiriwa kwenye ofisi ambayo kila alichochora kilitoka na jina la bosi. Siku aliyoacha kazi aliapa kwamba jengo kubwa litakalofuata litatoka na jina lake.

Na jengo likaja. Mkandarasi mmoja, mtu mnene, mpenda vitamu, mwenye simu isiyotulia, alimletea ukumbi wa mikutano wa chama cha wafanyabiashara.

"Wenye ukumbi hawataki picha za kubandika ukutani," alimwambia. "Wanataka watembee ndani wenyewe, wageuke wanakotaka, mashine iwafuate. Nitawaleta hapa kwako waone. Ukiliweza hili, kazi zangu zote ni zako. Usipoliweza, mama, usinilaumu, maana wapo wengi wanaoitaka."

Sasa ukumbi uko tayari, mzuri wa kutia wivu, na mtu hawezi kuipita kaunta.

Mumewe alikuwa fundi umeme, na mtaa mzima ulimwita Fundi kana kwamba wengine wote walikuwa wanacheza. Hakuwa mlevi. Hakuwa mhuni. Usimtafutie sifa hizo, hutazipata. Alikuwa mpole, mchekeshaji, mwenye mikono safi kuliko mafundi wote niliowahi kuwasikia. Nyumba ile aliitandazia nyaya yeye mwenyewe, kabla hata ya harusi, na mgeni akiingia lazima aonyeshwe swichi zilivyonyooka. Vyumba vya uani alimpa dada yake mkubwa akae. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, akamlipia ufundi kwa kuosha sahani za watu. Uani pale dada alioka keki za kuuza.

Mama Picha alikuwa na utaratibu wake wa kutafuta ugonjwa wa mashine, na alikuwa mkali nao kama mwalimu wa hesabu. Badili kitu kimoja tu. Kisha ingia ukumbini, pita kaunta, inua macho. Ukibadili viwili kwa pamoja mashine ikapona, utajuaje dawa ilikuwa ipi? Basi akaanza na programu zinazoiendesha kadi. Akazifuta, akaweka mpya, ikazima. Akarudisha za zamani, ikazima. Akasema ni joto. Akafungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akasugua feni kwa mswaki, akapaka upya ile dawa ya kijivu inayokaa kati ya chipu na chuma cha kuipoza. Akaweka kipimo cha joto pembeni ya kioo akakikodolea macho. Joto halikufika hata pa kutisha. Ikazima.

Wakati wote huo Fundi alimshikia tochi. Meza ilikuwa kwenye kona isiyo na dirisha karibu, na ndani ya mashine kuna vijiti na vishimo ambavyo jicho peke yake haliviwezi. Basi Fundi akirudi kazini alipiga magoti sakafuni pembeni ya mkewe, akamulika. Alikuwa anamulika vizuri, hata hakuhitaji kuambiwa. Mkono wa mke ukienda, mwanga unaenda.

"Pole, mke wangu," alikuwa anasema. "Pole sana. Itapona tu."

Mama Picha alimwangalia shingoni, jasho linamtiririka, akaona moyoni kwamba alibahatika. Ndiyo, alibahatika! Wangapi wana waume wanaopiga magoti?

Wifi naye hakubaki nyuma. Kila mashine ilipozima, haukupita muda mrefu nyumba ikajaa harufu ya keki, na baadaye kidogo wifi huyo anaingia na kipande kwenye kisahani, unga bado uko kwenye nyusi.

"Wifi, imezima tena?"

"Imezima, wifi."

"Jamani! Kula basi hiki, utulize moyo."

Naye alikula. Ilifika mahali harufu ile ikawa ndiyo faraja yake. Ikimfikia puani alijua kwamba angalau kuna kitu mle nyumbani kinachoiva. Alinenepa kidogo kwa huzuni.

Baada ya kuchomoa na kuchomeka kila kinachochomoleka, akaishuku pawa saplai, lile sanduku linaloilisha mashine nzima umeme. Mashine ikikaa bure inakula kidogo. Kadi ikianza kuchora vioo na taa, inakula kama ina minyoo. Sanduku likiwa limechoka, linashindwa hapo hapo. Ilikuwa hoja nzuri, na hata leo simcheki kwa hoja hiyo. Angeweka mbele yake ile stabilaiza, kisanduku cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, lakini stabilaiza iliharibika, Fundi akaichukua kuitengeneza, na kila akiulizwa alisema kifaa chake hakijapatikana madukani. Basi ikabidi inunuliwe pawa saplai mpya, ya nguvu, na kitu cha namna hiyo hakinunuliwi kwa tabasamu. Mama Picha akauza cherehani ya marehemu mama yake.

"Ngoja kwanza," Fundi alimwambia siku hiyo. "Labda si hiyo pawa saplai."

"Ni nini basi? Sema."

Fundi akakuna kichwa. "Mimi mambo ya kompyuta nayajulia wapi?"

Akambebea cherehani begani mpaka kwa mnunuzi.

Pawa saplai mpya ikafungwa. Fundi akashika tochi. Mama Picha akaingia ukumbini, akapita kaunta, akainua macho. Ikazima. Siku hiyo alilia kwa sauti, bila haya, kamasi na machozi pamoja, na mumewe akamkumbatia mpaka wote wawili wakalowa.

Ilibaki siku moja tu wenye ukumbi waje. Mama Picha akabeba mashine mpaka kwa Kipara, mwenzake wa zamani ofisini ambaye sasa ana duka la kutengeneza kompyuta. Kipara akaiwasha, akaingia ukumbini, akapita kaunta. Akainua macho. Taa zote za dari zikawaka juu ya vioo, kila kioo kikarudisha taa za mwenzake. Akazunguka. Akarudi. Akaiacha izunguke yenyewe kutwa nzima, wateja wanaingia na kutoka, wanasimama kushangaa.

"Mashine haina ugonjwa," Kipara alisema. "Labda ugonjwa uko huko kwenu."

"Kwetu umeme aliuweka mume wangu," Mama Picha alimjibu, na alimjibu kwa kiburi. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mke wa fundi umeme peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Alikuwa ameshuku kila kitu chenye skrubu. Ukuta hakuushuku hata siku moja, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa mume wake. Akaamua kwamba ni ile dawa ya kijivu, haikuwa imekaa sawa, na msukosuko wa njiani umeiweka sawa.

"Iache hapa basi," Kipara alishauri. "Wageni wako waje huku dukani kesho."

Lakini Fundi alikwishafika na mkokoteni. "Utaiacha mashine yako kwa watu? Na wageni wa heshima uwapokee dukani, kwenye maboksi? Twende nyumbani." Akaifunga kwa blanketi kama mtoto. Usiku ule alikwenda uani kuongea na dada yake kidogo, akarudi ametulia.

Wenye ukumbi walikuja wamevaa suti. Mkandarasi akawatambulisha, viti vikavutwa, Mama Picha akamkabidhi mzee wao kipanya. Mzee akasukuma mlango wa ukumbi, akacheka peke yake kwa furaha. Akapita kaunta. Mama Picha alikuwa ameshika upindo wa kanga mpaka vidole vimekufa ganzi. Mzee akainua macho, akasema, "Aisee!" Na akaendelea kutazama, na taa zikaendelea kuwaka, na Mama Picha akaachia upindo wa kanga.

Ikazima.

Wakasubiri iwake. Ikawaka. Wakaingia tena, ikazima kabla hata ya kaunta. Mara ya tatu mzee alirudisha kipanya mezani taratibu, kama mtu anayerudisha chakula kibovu bila kutaka kumwaibisha mpishi. Na harufu ya keki ikaingia, na nyuma yake wifi mwenyewe na sinia, maana alisikia kumbe wageni bado wapo.

Walikula, kwa njaa na kwa aibu. Mkandarasi alikula vipande vitatu. Pale mlangoni alimwambia Mama Picha, bila ukali, kwamba kazi ameshaipeleka kwa mtu mwingine moyoni mwake, na barua itafuata. Kisha akamgeukia wifi.

"Mama, hii keki umeioka wewe mwenyewe? Siku ya kuweka jiwe la msingi nitataka kubwa. Ghorofa kabisa."

Wifi akapiga makofi kwa furaha. Kisha akakumbuka, akaishusha mikono.

Fundi hakuwepo. Jioni aliposimuliwa aliuliza swali moja tu: "Dada alikuwa anaoka?" Mama Picha alidhani ni mume aliyechanganyikiwa. Akamjibu kwamba ndiyo, na keki ilisifiwa sana. Akaenda kulala na nguo zake.

Baada ya hapo mashine ilikaa na kitambaa juu. Mama Picha alipika, alifua, alijibu simu za watu kwa neno mojamoja. Kisha wifi akasafiri kwenda kwenye harusi ya ndugu, na siku ya kwanza ya safari hiyo Mama Picha, kwa hasira tu, si kwa matumaini, akatoa kitambaa akaiwasha. Akaipa kazi nzito kuliko zote: ichore ukumbi mzima kama filamu, picha moja baada ya nyingine, kutoka mlangoni mpaka jukwaani. Akaenda sokoni. Aliporudi ilikuwa inachora. Asubuhi ilikuwa inachora. Ikamaliza. Akaketi akaitazama filamu yake yote, dari, vioo, jukwaa, jina lake mwishoni. Ilikuwa nzuri, na haikuwa na pa kwenda.

Akairudia kesho yake, ikamaliza. Kesho kutwa, ikamaliza. Hakuwa amebadili hata skrubu. Alikaa akijiuliza, ni kitu gani kimoja kilichobadilika? Kisha wifi akarudi na mabegi na habari za bibi harusi. Adhuhuri ile mashine ikaguna, ikazima, na Mama Picha akabaki mbele ya kioo cheusi, hajajua afanye nini. Harufu ya keki ikamfikia puani.

Alisimama. Loo! Miguu ilijua kabla ya kichwa. Alitoka kwenda uani akatazama juu ya paa la wifi, akaona ule waya wa kijivu ambao Fundi alimwambia ni wa taa ya choo. Akaufuata kwa macho, kidogo kidogo: paani, ukutani, chini ya dirisha la chumba chake cha kazi, ndani. Ulikuwa umebanwa vizuri. Umenyooka.

Akaingia kwa wifi bila hodi. Oveni kubwa ya umeme ilikuwa inanguruma. Pembeni yake friji, na nyuma ya friji, stabilaiza inawaka taa yake ndogo ya kijani, na ubavuni imebandikwa kile kikaratasi cha ua la njano alichokibandika yeye mwenyewe siku alipoinunua.

"Wifi," alisema. "Hii imepona lini?"

Wifi alikuwa na mwiko mkononi. Akauweka mezani, akauokota, akauweka tena.

"Nilimwambia akueleze," alisema. "Haki ya Mungu nilimwambia. Akasema wewe utapiga kelele. Akaniambia nisiwashe ukiwa na kazi, nami najitahidi, wifi, lakini mteja akija na haraka zake nifanyeje? Siku ile ya wageni nilidhani wameshaondoka."

"Ulikuwa unaniletea keki."

"Ningekuletea nini?" Wifi alianza kulia. "Ndicho nilichonacho."

Na hapo Mama Picha, aliyekuwa ameingia na matusi mdomoni, hakuyapata. Aliona mikono ya yule mama, yenye makovu ya sinia za moto. Akatoka.

Fundi alirudi alasiri akipiga mbinja. Alimkuta mkewe kwenye korido, mbele ya sanduku la breka, lile linalogawa umeme wa nyumba nzima, kwenye kona yenye giza kutwa, bisibisi mkononi. Mbinja ikakatika.

"Ulijua lini?" mkewe aliuliza.

Fundi hakujifanya haelewi, hilo tumpe. "Tangu mwanzo."

"Kabla ya cherehani?"

Fundi akanyoosha mkono aichukue bisibisi.

"Nakuuliza wewe! Kabla ya cherehani ya mama yangu?"

"Kabla," alisema. Kisha maneno yakamtoka kwa pamoja. "Waya wako ulikuwa karibu, mke wangu, na wa kwake haukuiweza oveni, nikaiunga oveni kwenye wako. Nilitaka iwe kwa muda tu, nipate waya mnene. Ikizima, nikasema leo nitamwambia. Halafu ukafungua mashine. Ukishafungua, nikuambie nini? Nikakuona umeshika mswaki ule, nikashindwa. Na dada... unajua dada ni nani kwangu. Wewe una elimu. Ukikosa hiki utaajiriwa. Yeye ana oveni tu."

"Ungeniambia," Mama Picha alisema. "Ningechora asubuhi, yeye akaoka jioni. Basi. Ilikuwa inataka hilo tu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyomtisha Fundi kuliko kelele. "Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mume wangu. Kwa magoti. Unamulika na kuniambia pole, na unajua kwamba humo ninamotafuta hakuna kitu."

Fundi akafuta uso kwa kiganja.

"Nishikie tochi," alisema mkewe.

"Mke wangu, acha nifanye mimi. Kwanza kuna keki ndani ya oveni. Ya mkandarasi, ile ya jiwe la msingi. Ngoja iive tu, nitaukata mwenyewe."

"Ya nani?"

Fundi akasogea nusu hatua kuelekea uani.

"Shika tochi, Fundi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, kama watu wa mtaani. Akaitoa tochi mfukoni, akamulika. Mama Picha akashusha swichi kubwa, nyumba yote ikanyamaza, friji, feni, kila kitu. Akatafuta waya wa kijivu kati ya wenzake, akauona umelala pale pamoja na ule wa chumba chake, chini ya skrubu moja. Akaweka bisibisi. Mwanga ulikaa pale pale palipohitajika, bila kutikisika. Alikuwa anamulika vizuri sana, mwanaume yule.

Kutoka uani ikaja sauti.

"Mdogo wangu! Umeme umekatika, keki inadidimia!"

"Nakuja, dada!" Fundi aliitika, na aligeuka na kukimbia kabla hajafikiri, na tochi mkononi mwake.

"Pole, dada," alisikika akisema huko nje. "Pole sana. Itapona tu."

"Tochi," alisema Mama Picha.

Korido ilikuwa giza tupu. Akasubiri kidogo. Kisha akaitafuta skrubu kwa kidole, akaipata, akaendelea kuilegeza.